Siku Moja ya Kuuaga Mji Mkongwe na Bi Harusi Wetu



Mdogo wetu wa mwisho ameolewa, alhamdulillah. Wengi mmetuuliza habari za nguo, za hina na za singo, na hayo tutayaleta wakati wake inshallah. Leo tunataka kuwahadithia siku moja kabla ya harusi. Siku hiyo hatukununua chochote isipokuwa maji ya kunywa na vikuba vitatu vya asmini, na ndiyo tunayoikumbuka kuliko siku zote za shughuli ile.

Ilianza na simu. Mume wa mdogo wetu anaishi Muscat, na mama yake alizaliwa hapa Unguja, Kiponda. Aliondoka mwaka 1964 akiwa na miaka minane na hajarudi tena. Kiswahili chake ni kile cha bibi zetu. Akisema "mwanangu" unahisi mtu amekuwekea mkono kichwani. Usiku mmoja alipiga kumjulia hali mkwe wake, na katika mazungumzo akauliza, "Hamamu bado ipo? Bibi yangu alinihadithia kuwa alipelekwa pale alipokuwa bi harusi." Halafu akauliza la pili. "Na mlango wetu wa Kiponda? Ule wenye samaki chini na mnyororo ubavuni?"

Mdogo wetu akanyamaza. Amezaliwa mji huu, amesoma mji huu, na Hamamni amepita mara elfu akienda chuoni na akirudi, lakini ndani hajaingia hata siku moja. Milango ya Kiponda anaijua kama unavyoijua milango unayoegemea ukisubiri mvua ikatike. Akajibu, "Nitakuangalizia, mama." Simu ilipokatika akatugeukia, machozi yanamlengalenga. "Nakwenda kuishi kwa watu wanaoujua mji wangu kuliko mimi."

Na sisi dada zake tulikuwa hatuna la kumjibu, kwa sababu na sisi tulikuwa hatujaingia.

Siku ya pili yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya kuwekwa ndani. Baada ya hapo angekuwa mikononi mwa somo wake, singo asubuhi na jioni, jua asilione mpaka siku ya nikahi. Tukamwomba mama ruhusa ya siku moja tu. Tukawekeana sharti: hatuendi kule wanakopelekwa wageni kwa mabasi. Tunakwenda tulikoulizwa, na kule tunakopita kila siku bila kuingia.

Kidichi: hamamu ya bi harusi aliyetoka mbali

Tulianza nje ya mji, asubuhi na mapema, kabla ya jua kali. Kidichi iko kaskazini, huko kwenye mashamba ya viungo, na ukifika utaona jengo jeupe la makuba likiwa limekaa peke yake kati ya miti. Seyyid Said aliijenga hamamu hii mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe, binti wa kifalme wa Uajemi.

Kwa nje haina makuu, bali ingieni ndani mtazame juu. Kuta na kuba zimepambwa kwa chokaa iliyochongwa maua, mitende na ndege. Ndege, jamani! Katika nyumba ya mtawala wa Kiibadhi, ambao majengo yao mengi ni meupe na matupu, hili si jambo la kawaida. Mapambo yale ni ya Kiajemi. Mume alitaka mkewe aoge akiona vitu vya kwao.

Mdogo wetu alisimama chini ya kuba kwa muda mrefu. Tulimwona anavyofikiri, na hatukumharakisha. Mwishowe akauliza, "Na ilimsaidia?"

Tungeweza kumdanganya, ila tuliona haifai. Salme, binti wa Seyyid Said, aliandika katika kitabu chake kwamba ndoa ile haikudumu na yule mwanamke alirudi kwao. Basi tulimwambia kweli. Kujengewa ni jambo zuri, na kuelewana ni jambo jingine. Mume anaweza kukuletea ndege wa kwenu ukutani, lakini kama hamzungumzi, ndege wa chokaa hawatakuimbia. Akacheka kidogo. Halafu akasema mumewe huzungumza sana, labda hata kupita kiasi. Tukasema alhamdulillah, hayo ndiyo mapambo yenyewe.

Malindi: mnara wa pia

Tuliporudi tuliingia mjini kwa upande wa Malindi. Hapa pana kitu ambacho wengi wetu hatukiinulii macho: mnara wa msikiti wenye umbo la pia, mpana chini na mwembamba juu, kuta zake zimechorwa michirizi ya pembe pembe. Minara ya namna hii ni michache mno Afrika Mashariki nzima.

Ukitaka kujua kwa nini ni kitu cha kutazamwa, kumbukeni misikiti mingine ya Mji Mkongwe. Ni mingi, na mingi yake haina mnara kabisa. Imejengwa ndani ya mitaa, ukuta wake sawa na ukuta wa nyumba ya jirani, na mgeni anaweza kuipita asijue mpaka asikie adhana inatoka karibu na sikio lake. Sisi tuliokulia hapa tunaijua kwa viatu vilivyopangwa mlangoni. Mdogo wetu akapiga picha moja ya mnara na moja ya viatu. Alisema ya viatu ndiyo ya kwake, ya mnara ni ya mama mkwe.

Hurumzi: binti aliyejifunza kuandika kwa siri

Kutoka Malindi tulikata vichochoro hadi Hurumzi, kwenye makumbusho madogo ya Salme binti Said. Habari za Salme tulikuwa tunazisikia kwa nusu nusu, nusu yenyewe ikiwa ya kunong'onwa. Alizaliwa jumba la Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akabadili dini na jina, akafa Ujerumani mwaka 1924. Ya imani yake tunamwachia Mwenyezi Mungu, Yeye ndiye Mwenye kuhukumu. Hatukwenda pale kumsifu wala kumlaumu.

Lakini yapo mawili tuliyotoka nayo pale, na tunapenda kila msichana wetu ayajue.

La kwanza ni la kalamu. Zama zile mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma Qur'ani, ila kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia ukawa ubao wake, akaweka msahafu mbele yake, akanakili herufi moja moja mpaka mkono ukazoea. Kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka mwaka 1886, na leo wanaotaka kujua wanawake wa majumba yale walikuwa wakila nini, wakivaa nini na wakigombana kwa lipi, wanamrudia yeye. Mwanafunzi wa kwanza wa mwanamke yule ulikuwa ni mfupa.

La pili ni la mchanga. Alipokufa, katika vitu vyake kulikuwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, na akazikwa nacho.

Hapo mdogo wetu alishindwa kujizuia. Alilia waziwazi, na sisi tukalia naye, watu wazima watatu ndani ya mabuibui katikati ya makumbusho. Mlinzi wa pale akatuletea viti bila ya kuuliza. Allah amlipe kheri.

Tulipotulia tulimwambia yaliyo tofauti. Salme alikatiwa njia ya nyuma. Alirudi kuutazama mji wake akiwa kama mgeni, na udugu ulikuwa umeshavunjika. Wewe unaondoka kwa dua za wazee wako, kwa mahari iliyotajwa na mashahidi waliokaa. Muscat si mwisho wa dunia, ndege huondoka na hurudi. Usitie mchanga kwenye kifuko. Rudi uukanyage.

Tazama juu: njia za wanawake

Mkitoka Hurumzi mtembee polepole na mtazame juu, maana mji huu una mitaa miwili. Wa chini ni wa mikokoteni, wauza kahawa na baiskeli. Wa juu ulikuwa wa wanawake. Katika vichochoro kadhaa mtaona ghorofa ya nyumba moja imeungwa na ya nyumba ya pili kwa kijia kilichojengwa juu ya vichwa vya wapitao. Majumba ya kifalme ya mbele ya bahari nayo yaliungwa hivyo hivyo, ili wanawake watoke jumba hili waingie lile bila kushuka njiani.

Tulikuwa tukidhani vijia vile ni vya kuongeza vyumba. Kumbe ni milango ya shoga kwenda kwa shoga. Tulisimama chini ya kimoja tukahesabu siri ngapi zilipita pale juu, sinia ngapi za biriani, watoto wangapi waliotumwa kuomba kijiko cha iliki.

Adhuhuri ilitukuta hapo. Misikiti mingi ya mitaani haina sehemu ya wanawake, kwa hiyo tukabisha nyumba ya shoga wa zamani wa mama yetu, tukaswali ghorofani kwake. Alituonyesha kwa nini vyumba vyote vya mji huu ni virefu na vyembamba. Dari limelala juu ya boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuwa ndefu kuliko mti wenyewe. Basi mkoko wa pwani ndio uliopima upana wa vyumba vyetu vya kulala. Tumelala ndani yake miaka yote, na hatukuwahi kuuliza.

Hamamni: swali la kwanza

Kisha tukaenda tulikoulizwa.

Hamamu ya Hamamni ilijengwa wakati wa Seyyid Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888, huyo huyo aliyeleta maji ya mfereji mjini. Mjenzi wake alikuwa Mshirazi. Haikuwa ya wafalme peke yao. Watu wa mji walilipa ada wakaoga, wanaume na wanawake kila mmoja kwa saa zake. Ilifungwa karibu na mwaka 1920, na maji hayakurudi tena.

Mlango ni mdogo, ada ya kuingia ni ndogo, na huenda mkamsubiri mwenye ufunguo. Ndani kuna ubaridi hata mchana wa Kaskazi. Utapita chumba cha kubadilia nguo, kisha chumba hadi chumba, vya maji baridi na vya maji moto. Maji ya moto yalikuwa yakipita chini ya sakafu, ikapata joto mguuni. Birika sasa ni kavu. Mwanga unaingia kwa matundu ya juu na kuanguka sakafuni vipande vipande. Ukisema neno kwa sauti ndogo, linarudi.

Mdogo wetu akapiga simu ya video Muscat. Mama mkwe akatokea na miwani yake, mtandio begani. Hatukusema kitu. Tulizungusha simu polepole, kuta, matao, birika, matundu ya mwanga. Kwa muda hatukusikia chochote, tukadhani mtandao umekatika. Kumbe anatazama.

Baadaye akaanza kuhadithia, na ndipo chumba kilipojaa watu. Bibi yake aliletwa pale na shangazi zake, wamejifunika, mbele mtumishi kabeba sinia la liwa na mawaridi, nyuma mtumishi kabeba nguo za kubadili. Walikaa toka asubuhi hadi Adhuhuri. Waliimba. Mmoja aliteleza akaanguka kitako, na familia nzima ilimcheka mpaka alipokufa. "Bibi alikuwa akisema," akatuambia, "siku ile ndipo aliposita kuogopa. Aliona wanawake wote wale wamepita alipokuwa anakwenda kupita yeye, na wote wanacheka."

Mdogo wetu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa birika. Akauliza, "Mama, wewe uliogopa?"

"Mimi niliogopa mara mbili," akajibu. "Mara ya kwanza nilipoondoka kwetu, nilikuwa mtoto, sikuulizwa. Mara ya pili nilipoolewa. Ya pili ilikuwa nyepesi, kwa sababu mama mkwe wangu aliniuliza ninataka kupikiwa nini siku ya kwanza. Na wewe nakuuliza. Utataka nini?"

Mdogo wetu akasema mkate wa kumimina. Mama mkwe akacheka, akasema, "Huo naujua. Njoo."

Ndugu zetu, hatujui kama tumewahi kusikia dawa ya hofu iliyo fupi kuliko hiyo.

Sokomuhogo: simu ya bure

Kutoka Hamamni si mbali mpaka Sokomuhogo, kwenye ile baraza maarufu ya wanaume inayoitwa Jaws Corner. Pale huchezwa dhumna na bao, hunywewa kahawa chungu, na siasa za dunia humalizwa kila jioni. Si pahala petu pa kukaa, nasi hatukukaa. Ila pana kioja kimoja: simu ya zamani imetundikwa, haina waya unaokwenda popote, na imeandikwa kwamba kupiga nchi za nje ni bure.

Mdogo wetu akaomba radhi kwa wazee, akaunyanyua mkono wa simu. "Hallo, Muscat?" Baraza nzima ikacheka. Mzee mmoja akamwambia, "Mwambie mumeo mahari haijatosha." Tukaondoka haraka, tumejifunika nyuso kwa aibu, na tukacheka mpaka mtaa wa tatu.

Kiponda: swali la pili

Mlango tuliuacha mwisho kwa sababu tuliuogopa.

Wageni huja mbali kutazama milango ya mji huu, na ukijifunza kuisoma utaona kwa nini. Mlango wenye kichwa cha mraba ni wa mtindo wa Kiarabu, na wenye upinde juu ni wa mtindo wa Kihindi. Ile miiba ya shaba asili yake ni Bara Hindi, huko ilikuwa ya kuzuia tembo wasisukume mlango. Hapa tembo hawakuwapo, ikabaki kuwa pambo. Samaki waliochongwa chini ni dua ya kizazi, mnyororo wa pembeni ni wa kuilinda nyumba, tende ni neema, na juu ya kizingiti mara nyingi utakuta aya ya Qur'ani au mwaka wa Hijria. Wazee husema zamani mlango ulikuwa ukisimamishwa kwanza, nyumba ikajengwa nyuma yake.

Lakini milango hii inaondoka. Nyumba zinaanguka mvua ikizidi, milango inauzwa, na mahali pake huwekwa bati au mbao za kawaida. Hatukujua tutakuta nini.

Mama mkwe alitupa alama tatu: msikiti mkono wa kulia, kichochoro kinachopinda kabla ya kisima, baraza ndefu ya mawe. Tuliuliza, tukapotea, tukauliza tena. Bibi mmoja aliyekuwa akianika mchele kwenye ungo akatutazama, akasema, "Mnamtafuta nani, waliopo au waliokwenda?" Tukasema waliokwenda. Akanyoosha kidole.

Baraza ilikuwapo. Mlango haukuwapo. Mbao zake zote mbili zilikuwa zimeondolewa, na penye mlango palipigiliwa mbao nyembamba zilizopakwa rangi ya buluu. Mioyo ikatuanguka. Tulianza kushauriana namna ya kumwambia, au tusimwambie kabisa, tuseme hatukupaona.

Mdogo wetu hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amechutama. Miimo ya mlango, ile nguzo ya kulia na ya kushoto, ilibaki. Mnyororo uliochongwa ulipanda juu yake wote, haukukatika. Na chini kabisa, karibu na ardhi, chini ya vumbi na matope ya masika mengi, samaki walikuwapo. Magamba yao yameliwa, jicho moja tu linaonekana vizuri.

Tulisema tusitume picha. Yeye akatuma. "Ameniuliza," akasema. "Sitaanza kwa kumficha."

Jibu lilikuja kwa sauti iliyorikodiwa. Kwanza kimya, halafu pumzi, halafu: "Samaki wapo? Alhamdulillah. Nilikuwa nikiwamwagia maji kila jioni, mwanangu. Nikidhani watakufa kwa kiu. Mama alikuwa akinigombeza namaliza maji ya mtungi."

Mdogo wetu akafungua chupa yake ya maji. Ilibaki nusu. Aliwamwagia samaki polepole, upande wa kulia kisha wa kushoto, akawasafisha kwa ncha ya mtandio wake mpaka magamba yakatokea. Yule bibi wa mchele alikuwa amesimama nyuma yetu. Hakuuliza. Akaingia ndani kwake, akatoka na kopo la maji, akampa aendelee.

Hiyo ndiyo picha aliyoituma ya mwisho.

Kama na nyinyi mtakwenda

Vaeni viatu vya bapa, mawe ya vichochoro huteleza. Buibui jepesi, na maji ya kutosha. Kidichi nendeni asubuhi. Pangeni mapema pa kuswali, msingoje adhana. Hamamni na Kidichi bebeni noti ndogo ndogo. Kwenye nyumba za watu toeni salamu kwanza, ombeni ruhusa, ndipo mtoe simu. Wala msione haya kuuliza vikongwe, wao ndio wenye ramani.

Na kama una binti au mdogo wako anayeolewa mbali, ukimfungia masanduku mfungie na mji. Mpeleke aone, aulize, ajue jina la kitu kinachompendeza. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Qur'ani tutembee katika ardhi tukatazame habari za waliotangulia. Sisi tulikuwa tukidhani hiyo ardhi ni lazima iwe ya mbali. Kumbe ilikuwa kati ya Malindi na Sokomuhogo, mwendo wa miguu.

Mdogo wetu sasa yuko Muscat, mwezi wa pili huu. Siku ya kwanza alikuta mkate wa kumimina mezani, umeungua kidogo chini. Anasema yeye na mama mkwe wake kila jioni hukaa, mmoja anataja mtaa na wa pili anataja kilichopo sasa. Juzi walibishana habari ya kisima cha Kiponda, wakatupigia simu tukakiangalie. Tumekwenda. Kipo.

Mwenyezi Mungu awape mabibi harusi wetu wote, walio karibu na walio mbali, nyumba za mapenzi na huruma, na awarudishe salama kwa wazee wao. Amin.